Mkorogo na Uhuishaji: Sanaa ya Ng'endo Mukii

Mtu akilitamka neno mkorogo katika saluni ya Msamvu, pale barabara itokayo Dar es Salaam inapogawanyika kuelekea Dodoma na Iringa, hahitaji kulifafanua. Neno hilo limenyambuliwa kutokana na kitenzi koroga, nalo hutaja mchanganyiko wa dawa za kuchubua ngozi. Ni neno hilo ambalo msanii wa Kenya, Ng'endo Mukii, amelipeleka katika filamu ya majaribio.

Mukii alisomea Rhode Island School of Design, Marekani, kisha Royal College of Art, London. Huko alikamilisha, mwaka 2012, filamu fupi iitwayo Yellow Fever, jina ambalo Fela Kuti wa Nigeria alilitumia mwaka 1976 katika wimbo unaohusu tabia hiyohiyo. Filamu inaanzia katika kumbukumbu ya utotoni ya msusi aliyejichubua. Baadaye inasikika sauti ya mtoto wa kike, jamaa wa msanii, akitamani ngozi nyeupe.

Kifani, filamu hii nayo ni mkorogo: michoro ya mkono, picha za watu halisi na miili ya wachezaji ngoma vimechanganywa pamoja. Mchanganyiko huo una hoja. Katika maandishi yake, Mukii amezifananisha picha za kale za kiethnografia na wanyama waliokaushwa na kujazwa majani: umbo lipo, uhai haupo. Kwake, kuchora upya ni njia ya kuwarudishia uhai waliogandishwa na kamera za wageni. Hapa Kiswahili kinamuunga mkono. Neno katuni hudokeza mchezo wa watoto. Neno uhuishaji, lenye nasaba na hai na uhai, hutaja kazi yenyewe.

Mwaka 2023 Mukii alitoa Enkai, mojawapo ya filamu 10 za mkusanyo wa Kizazi Moto. Jina Enkai ni la Mungu katika lugha ya Kimaasai.

Wahenga walisema, mkataa kwao ni mtumwa. Methali hiyo humlaumu anayekataa. Yellow Fever inaturudisha nyuma hatua moja: yule mtoto hajakataa kwao kwa hiari, amefundishwa kukataa, na matangazo, na vioo, na mikono ya watu wazima wanaompenda. Basi, kabla hajahukumiwa, ni haki aulizwe mwalimu wake.