Kiinua Mgongo Si Zawadi: Hotuba kwa Wakazi wa Busia, Uganda

Huenda baadhi yenu mnashangaa kuona polisi wakizungumzia matumizi ya wastaafu badala ya wizi wa pikipiki. Mashauri yanayoanzia huko hatimaye hufika mezani petu: shamba lililouzwa mara mbili, mkopo usiolipika, watoto wanaogombana na baba yao.

Mtumishi wa umma nchini Uganda hustaafu kwa lazima atimizapo miaka 60. Nauli ya kwenda kazini hukoma, na chakula cha mchana cha mjini vilevile. Lakini kwa askari aliyeishi kambini, kodi ya nyumba ndiyo kwanza inaanza. Gharama za matibabu huongezeka. Na wageni je? Mtu aliyekuwa haonekani ila wakati wa likizo sasa yupo nyumbani kila siku, na kila kamati ya harusi na matanga inalijua jina lake.

Kinachowapotosha wengi ni kiinua mgongo. Tuchukue mtu ambaye pensheni yake kamili ni shilingi 600,000 kwa mwezi. Theluthi yake, yaani 200,000, hukusanywa kwa miaka 15 na kulipwa kwa mkupuo: shilingi 36,000,000. Kuanzia hapo hupokea 400,000 kila mwezi, na ile theluthi humrudia baada ya miaka 15, akiwa na umri wa miaka 75. Basi anayezimaliza fedha hizo kwa mwaka mmoja amekula akiba ya miaka 14 ijayo.

Sisi wa mpakani tuna mzigo wa ziada. Pensheni hulipwa kwa shilingi ya Uganda, na bidhaa nyingi twazinunua ng'ambo kwa shilingi ya Kenya. Thamani ikibadilika, kikapu hupungua bila bei ya dukani kupanda.

Tena wapo matapeli wanaopiga simu wakidai wametoka wizarani, wakitaka ada ya kuharakisha faili au namba ya siri ya akaunti ya simu. Msiwape. Hifadhini ujumbe na namba iliyopiga, mfike kituoni siku hiyohiyo, kabla fedha hazijatolewa. Kuandikisha malalamiko hakulipiwi.