Kwa Nini Seli Nyingine za Kansa Hukataa Dawa

[Muziki unashuka]

Leo najibu ile sauti inayozunguka kwenye WhatsApp. Anayesema mle anawaambia wazazi waache kemo, eti wataalamu wamepata mkasi wa kukata jeni na kansa sasa inaondoka kwa sindano moja. Mama mmoja aliniletea simu yake nisikilize. Mtoto wake ana uvimbe wa taya na anatibiwa Mulago. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe uliyesoma, ni kweli?"

Mimi nimesoma mpaka sekondari tu, kwa hiyo nilienda kutafuta na kuuliza kabla ya kumjibu. Mkasi upo kweli, lakini sindano ya namna hiyo hospitalini haipo.

Ugonjwa wa mtoto huyo una historia ndefu hapahapa Kampala. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale Mulago, aliandika kuhusu watoto waliokuwa wakivimba taya, na kansa hiyo sasa inaitwa limfoma ya Burkitt. Seli zake zina haraka ya ajabu: kwa siku moja au mbili zinaweza kuongezeka mara mbili. Haraka hiyo inazidhuru pia, maana kemo hushika zaidi seli zinazogawanyika. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilipoanza mwaka 1967, palepale kwenye kilima cha Mulago, madaktari waliona uvimbe mkubwa ukinywea kwa siku chache. Kwa watoto wengine ulirudi, na safari hiyo dawa haikufanya kazi kama mwanzo.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu wengi tunafikiri kemo inakata seli kama panga. Sivyo. Dawa nyingi za kemo huharibu DNA, yale maelekezo yaliyo ndani ya seli, halafu seli yenyewe ndiyo hujiua. Kuna jeni inaitwa TP53. Ichukulie kama askari wa zamu: akiona maelekezo yameharibika mno, anatoa amri seli ife. Seli ambayo askari wake hayupo inapigwa dawa, inaumia, kisha inaendelea kuzaana.

Jambo hili mkasi umesaidia kulionyesha. Mwaka 2012 Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walieleza namna ya kuuelekeza mkasi huo, CRISPR, ukate DNA pale unapotaka, na mwaka 2020 wakapewa tuzo ya Nobel. Watafiti huchukua seli za kansa zinazokuzwa maabara, wanakata jeni moja, kisha wanaziwekea dawa. Wakiiondoa TP53, seli nyingi zinakuwa sugu. Lakini kuna jeni ambazo ukizikata seli inalegea. Huko Delaware, Marekani, watafiti wa ChristianaCare walikata jeni ya NRF2 katika seli za kansa ya mapafu. Jeni hiyo huisaidia seli kujisafisha sumu. Ilipokatwa, dawa ya sisplatini ilizishinda seli hizo kwa urahisi zaidi, maabara na hata kwenye panya.

(Baadhi ya seli za Burkitt zinazotumika maabara duniani zilitoka kwa watoto wa Afrika Mashariki miaka ya 1960. Mpaka leo zinagawanyika huko.)

Basi kwa nini mkasi hauko wodini? Kwa sababu lazima ufike kwenye karibu kila seli ya kansa, na usikate pasipo pake. Kwa siko seli, seli hutolewa mwilini, hurekebishwa nje, hurudishwa. Tiba hiyo iliruhusiwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, na Marekani bei yake inapita dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja. Kansa iliyosambaa huwezi kuitoa nje seli moja moja namna hiyo.

Nilipomweleza mama, akauliza swali zuri kuliko la kwanza: mbona uvimbe umeisha baada ya kemo ya pili na bado wanataka kumchoma? Nikamwambia seli zilizobaki hazionekani kwa macho, na mara nyingi ndizo zilizo sugu. Kwa Burkitt, dawa huchanganywa, kama siklofosfamidi, vinkristini na methotreksati, ili seli itakayoponyoka moja ishikwe na nyingine. Mtoto wa jirani yetu kule Nakivale aliachishwa katikati, nauli ilikwisha. Uvimbe ulirudi.

Mama akanyamaza, kisha akasema hata yeye nauli ndiyo inamsumbua, si jeni. Tulienda pamoja kumwambia nesi wa wodi kabla tarehe haijapita, ili watafute msaada mapema. Nawe ukikwama, fanya hivyohivyo, usisubiri mpaka siku imepita.

Alhamisi mtoto ana kemo ya tatu. Ile sauti mama ameshaifuta kwenye simu. Kama iko kwako, tafadhali usiitume mbele.

[Muziki unapanda]