Ruhusa ya Kupinga: Filamu, Mazungumzo na Uandishi wa Watoto Wanaosomea Nyumbani



Mada yangu ni ya nyumbani kabisa. Nitazungumzia watoto wanaosomeshwa na wazazi wao, filamu wanazotazama pamoja, na maandishi yanayozaliwa na mazungumzo ya baadaye. Dai langu ni moja, nami nalitanguliza ili mpate muda wa kulipima. Mtoto anayefundishwa na mzazi wake hataandika jambo lenye uhai mpaka apewe ruhusa ya kumpinga mzazi huyo, na filamu ndiyo mahali pazuri pa kutolea ruhusa hiyo pasipo kuvunja heshima.

Mwalimu, mtahini na mzazi

Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikamtaka mzazi amwandikishe mtoto shuleni na kuhakikisha anahudhuria. Familia zinazosomesha nyumbani hazikutengewa mahali palipo wazi katika sheria hiyo, na suala lao limewahi kufika mahakamani. Sikuja hapa kuamua kesi. Ninachojua ni kwamba familia hizo zipo, nyingine ni majirani zetu, na watoto wao wana haki ya kufundishwa vizuri hata kabla wanasheria hawajamaliza maneno.

Tena, jambo hili si geni kwetu sote. Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na madarasa mengi hayakufunguliwa hadi Januari 2021. Kwa miezi hiyo karibu kila nyumba katika kaunti hii ya Nyeri ilikuwa shule, apende mwenye nyumba asipende. Hesabu zilifundishika mezani. Kusoma kulifundishika. Insha ndiyo iliyowatoa wazazi jasho.

Sababu haiko mbali. Kwa miaka mingi tulifunza insha kwa ajili ya mtihani. Katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi ambao ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, mtoto alikuwa na dakika 40 za kutafuta alama 40. Kwa mizani hiyo, watoto walikariri mianzo: majogoo wawike, jua lichomoze, ndege waimbe, mwandishi arauke na kupiga mswaki, hata kama insha yenyewe ni ya wizi uliotokea saa tano usiku. Siubezi ufundi huo. Uliwafikisha wengi walikokwenda. Lakini ulikuwa ufundi wa kumwandikia mtu asiyekujua, anayesahihisha mamia ya karatasi, na ambaye hutamwona maisha yako yote.

Nyumbani mtahini huyo hayupo. Badala yake kuna mama, ambaye ndiye anayepika, anayeadhibu, anayefundisha na anayesahihisha. Mtoto ni mwerevu. Hujua upesi mama anapenda kusoma nini, naye humwandikia hicho hicho. Ukiongeza malezi yetu, ambamo mtoto kumkatalia mkubwa ni utovu wa adabu, unapata daftari lililojaa maandishi safi, yenye sarufi nzuri, yasiyo na hoja hata moja. Mzazi wa shule ya nyumbani anaweza kusahihisha vituo na herufi kubwa mwaka mzima bila kugundua kwamba mtoto wake hajamwambia lolote.

Sauti juu ya picha

Kwa nini basi filamu? Kitabu nacho kinazua mjadala, na sisemi kiwekwe kando. Ila filamu ina sifa inayotufaa hapa: wote huimaliza kwa saa moja na nusu, wakiwa wameketi pamoja. Mtoto wa miaka 9 na baba yake wanainuka wakiwa wameona kitu kile kile. Mara nyingi mtoto ameona zaidi.

Historia ya filamu katika nchi zetu pia ina funzo. Kati ya 1935 na 1937 palikuwa na mradi wa sinema za elimu uliokuwa na makao Vugiri, milima ya Usambara huko Tanganyika, ukiongozwa na Waingereza wawili, Notcutt na Latham, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Ulitengeneza filamu fupi zipatazo 35 kuhusu kilimo, afya, akiba ya posta na mengineyo, ukazitembeza Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Maelezo yalitiwa kwenye santuri kwa lugha za wenyeji. Picha ilipita, sauti ikaeleza maana yake, watazamaji wakaambiwa la kufanya. Serikali ya kikoloni iliendelea kutembeza sinema za namna hiyo kwa magari. Mtazamaji alihesabiwa kuwa mwanafunzi wa kunyamaza.

Halafu tukampata DJ Afro. Wasomi wengi hawamtaji mahali kama hapa, lakini kwenye vibanda vya video vya Kenya ndiye aliyechukua filamu za kigeni akazisimulia upya kwa Kiswahili cha mtaani: akamcheka shujaa, akampa jambazi jina la kwetu, akabashiri, akakosoa. Tanzania na Uganda wanao mafundi wao wa kazi hiyo. Kumbe sauti iliyo juu ya picha inaweza kubishana nayo. Ninachowaomba wazazi ni kumpa mtoto sauti hiyo, kisha kumpa kalamu.

Mama wa Jo, na mama wa nyumba hii

Nichukue mfano wa filamu ya Kenya ambayo kila familia inaweza kuanza nayo. Supa Modo ya Likarion Wainaina ilitoka mwaka 2018, ikaonyeshwa katika tamasha la Berlin mwaka huo, na ndiyo ambayo Kenya iliichagua kuiwakilisha katika kinyang'anyiro cha Oscar. Wahusika wake wanazungumza Kiswahili, Kikuyu na Kiingereza. Jo ni msichana wa miaka 9 mwenye ugonjwa usiopona, anayependa mno filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Mama yake anamtoa hospitalini na kumrudisha nyumbani. Anataka atulie, alindwe, asichoke. Dada yake, Mwix, anaona mtoto anakufa kwa kuchoshwa na kitanda, naye anawashawishi wanakijiji wamfanye Jo aamini kuwa ana nguvu kweli.

Hapa kuna swali ambalo halina jibu nyuma ya kitabu: je, kijiji kinamdanganya mtoto au kinampenda? Na mama, ana haki ya kumfungia ndani? Nyumbani kwako mtoto hawezi kukuambia kwa urahisi, "Mama, unanilinda kupita kiasi." Lakini anaweza kusema mama wa Jo amekosea. Atalisema kwa nguvu, kwa mifano, na kwa macho yanayokutazama uone utajibu nini. Adabu imesalimika, kwa kuwa anayeshtakiwa ni mhusika. Hoja imetoka, kwa kuwa imepata pa kupitia. Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya insha, nayo haihitaji jogoo.

Mfano wa pili uko mlangoni petu. Born Free ya 1966, ile ya simba Elsa, ilipigwa kwa sehemu kubwa Naro Moru, hapa chini ya Mlima Kenya. Watoto wetu wanayatambua mandhari kabla hawajaambiwa. Hadithi ya kweli ilianza mapema mwaka 1956, George Adamson, askari wa wanyamapori, alipomuua simba jike na kuwachukua watoto wake watatu, ambao yeye na mkewe Joy waliwalea. Ni filamu inayogusa moyo, na muziki wake ulishinda Oscar. Mwache mtoto aipende kwanza. Kisha muulize mambo mawili. Nuru, mfanyakazi aliyewatunza wale simba wadogo, angeisimuliaje hadithi hii? Na mwaka huo wa 1956, watu wa Nyeri walikuwa wapi?

Swali la pili litamtuma kwa shosho. Ataambiwa kuhusu Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na kuhusu watu zaidi ya milioni 1 waliohamishiwa kwenye vijiji zaidi ya 800 vyenye mahandaki na walinzi. Ataambiwa kwamba Oktoba ya mwaka ule ule wa Elsa, kiongozi wa Mau Mau, Dedan Kimathi, alikamatwa papa hapa Nyeri. Mtoto akiyaweka mambo haya mawili kwenye ukurasa mmoja, simba anayerudishiwa uhuru na wanakijiji waliozungushiwa handaki, hamhitaji mtu wa kumweleza hoja ni nini.

Kutoka mdomoni hadi daftarini

Sasa kazi yenyewe. Tazameni filamu mara moja bila kuisimamisha. Kisha mtoto asimulie alichokiona, kwa lugha aitakayo, pasipo kukatizwa. Mwalimu Mwingereza Charlotte Mason, aliyefariki 1923 na ambaye vitabu vyake vinasomwa hadi leo na familia za shule ya nyumbani, aliujenga ufundishaji wake juu ya kusimulia huku. Sisi tuliolelewa kwa hadithi za jikoni hatukuhitaji kufundishwa naye, lakini tulisahau.

Baada ya hapo, kanuni yangu ni moja: mzazi azungumze wa mwisho. Mtoto aandike msimamo wake, hata kama ni sentensi tatu, kabla hajasikia wako. Ukitangulia kusema filamu ilikuwa nzuri, umeandika insha yake. Akisha kuandika, nawe andika wako, mbadilishane madaftari. Mfundishe maneno ya kupinga kwa heshima: "Mimi naona vingine," "Nakubali hapa, pale nakataa." Hayo ni maneno ya kikazi, yatamfaa mahakamani, bungeni na kwenye ndoa.

Mpe mtu wa kumwandikia asiyekuwa wewe: binamu aliye shule ya bweni, shosho, au mwelekezi wa filamu. Mpe kipande cha dakika mbili kilichozimwa sauti, aandike usimulizi wake mtindo wa DJ Afro, kisha ausome huku picha ikipita. Hapo atajifunza kufupisha kuliko ambavyo angejifunza kwa kuambiwa afupishe. Unaposahihisha, jibu kwanza alichosema. Kisha chagua aina moja ya kosa katika kila andiko, uyaache mengine yasubiri zamu. Rasimu ikichanganya Kikuyu, Kiswahili na Sheng, iache. Nakala safi ndiyo ichague lugha moja.

Wenyeji waliotutangulia

Mtu atasema haya ni mambo ya wageni. Nyeri inamjibu. Wahome Mutahi, aliyezaliwa hapa mwaka 1954 na kufariki 2003, aliwachekesha Wakenya kwa miaka mingi kupitia safu yake ya Whispers kwenye gazeti la Jumapili. Safu hiyo ilikuwa nini ila mabishano ya nyumbani? Baba anajitapa, mke wake anayemwita Thatcher anamshusha, mwana na binti wanammalizia. Baba aliyekubali kupingwa mezani kwake alitupatia fasihi.

Na Gakaara wa Wanjau wa Tumutumu, aliyefukuzwa shule ya upili ya Alliance mwaka 1940 kwa sababu ya mgomo, alizuiliwa Hali ya Hatari ilipotangazwa, akaandika shajara kizuizini. Shajara hiyo ilichapishwa 1983 na kushinda Tuzo ya Noma 1984. Yeye ndiye aliyechapisha vitabu na jarida la Kikuyu hapa Karatina, kwa ajili ya wasomaji aliowajua. Familia inayoshona kurasa kumi za watoto wake kila likizo na kuwapa majirani wasome inafanya kazi ya aina hiyo hiyo.

Mapingamizi mawili

Wengine watasema watoto wanatazama skrini kupita kiasi. Ni kweli, na wengi wanatazama peke yao. Ninachopendekeza ni filamu moja kwa wiki mbili, ambayo mzazi ameitazama kwanza. The First Grader ya 2010, kuhusu Mzee Kimani Maruge aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, ni filamu bora, lakini ina matukio ya mateso ya kizuizini. Isubiri mtoto akue.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mtoto aliyezoea kupinga filamu ataanza kupinga sheria za nyumba. Ataanza, sifichi. Mzazi aliyeamua kuwa mwalimu amechukua pia mzigo wa mwalimu, yaani kuulizwa sababu. Nyumba isiyoweza kuuvumilia mzigo huo ni heri impeleke mtoto mahali ambapo kuna walimu kadhaa na wanafunzi wenzake wa kubishana nao.

Ndiyo maana namalizia kwa ombi kwa chuo hiki na kwa maktaba za kaunti. Tupeni ukumbi Jumamosi moja kila mwezi, projekta, na filamu ya Kiafrika. Waalikwe watoto wa shule ya nyumbani pamoja na wa shule za kawaida. Mtaala wa umilisi (CBC), ulioanza kitaifa mwaka 2019, unataka stadi za kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika; kikao kimoja kinazigusa zote nne. Wazazi waketi nyuma, na watakaosema kwanza wawe watoto. Maandishi yao yachapishwe na chuo, majina yao yakiwa juu, na atakayepinga maoni yao awaandikie jibu.

 Maswali yaanzie kwa watoto walioketi viti vya mbele.