Maradhi, Adui wa Pili: Kusomea Afya ya Jamii na Pale Yanapoweza Kukufikisha Masomo Hayo

*Maneno yaliyotolewa kwa wazazi na vijana kwenye sherehe za miaka 63 ya Uhuru na mwanajumuiya anayefanya kazi katika idara ya afya ya kaunti, Maryland*

  

Katibu ameniomba nizungumze na vijana kuhusu masomo. Amenipa dakika kumi na tano na kunikumbusha kwamba pilau imeshaiva. Nitajitahidi.

Leo tunakumbuka tarehe 9 Desemba 1961. Kila aliyesoma shule ya msingi nyumbani anawajua wale maadui watatu aliowataja Mwalimu Nyerere: ujinga, maradhi na umaskini. Tuliwakariri kama tulivyokariri jedwali la kuzidisha. Ninyi mliozaliwa Silver Spring, Hyattsville au Woodbridge huenda hamkukaririshwa, basi leo wajueni. Mimi nitazungumza juu ya huyo wa katikati, maradhi, kwa sababu yapo masomo yaliyowekwa kwa ajili ya kupambana naye, na masomo hayo yanaleta ugomvi katika nyumba zetu nyingi.

Ugomvi wenyewe mnaujua. Mtoto ameingia chuo, ukoo mzima kuanzia Gaithersburg hadi Moshi umeshatangaziwa kwamba anasomea udaktari. Mwaka wa pili anarudi nyumbani anasema, "Mama, nimehamia afya ya jamii." Mama amefanya zamu mbili za kutunza wazee wa watu ili ada ipatikane. Anauliza, "Hiyo ni kazi gani? Ndiyo kusema umeshindwa?" Mtoto ananyamaza, na wengine hunyamaza mpaka siku ya mahafali. Simu za namna hiyo ninazipokea kila mwaka, za wazazi na za watoto, na mara nyingine za watu wa nyumba moja kila mmoja kwa siri yake.

Wazazi wangu, daktari anamtibu mgonjwa aliye mbele yake. Mtu wa afya ya jamii anauliza kwa nini mtaa ule wote unaumwa, na kifanyike nini wasiumwe tena. Tunawahitaji wote wawili. Na msidhani kwamba jambo hili ni la Wamarekani. Sisi tulilifanya kabla wengi wa wasikilizaji wangu hawajazaliwa.

Mwaka 1973, nchi yetu ikiwa na miaka kumi na miwili tu ya Uhuru, ilifanyika kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Wazee hapa mbele naona wanatikisa vichwa. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliandaa vipindi vya redio na vitabu vidogo. Vijijini watu walikaa kwa vikundi kuizunguka redio, kiongozi wa kikundi akasoma kitabu, wakajadiliana: malaria inatoka wapi, kichocho tunakipata vipi, kuhara damu kunazuiwaje. Kisha hawakurudi kulala. Walichukua majembe wakachimba vyoo, wakafyeka majani, wakafukia madimbwi. Watu wapatao milioni mbili walishiriki. Nchi haikuwa na madaktari wa kutosha wala fedha, lakini ilikuwa na redio, lugha moja inayoeleweka na watu waliokubali kukaa pamoja. Leo mkifungua vitabu vya chuo hapa mtakuta sura nzima juu ya kuhamasisha jamii. Bibi yako wa Dodoma huenda aliisoma sura hiyo kwa jembe.

Sasa, vijana, mkiingia shahada ya kwanza ya afya ya jamii mtasoma nini? Nitataja mambo manne.

La kwanza ni epidemiolojia, elimu ya kufuatilia ugonjwa: nani ameupata, wapi, lini, na kwa sababu gani. Kwenye vitabu hivyo mtakutana na ugonjwa wa chikungunya. Wenzenu Wamarekani watahangaika kulitamka. Ninyi semeni kwa kujivuna kwamba neno hilo ni la Kimakonde, linamaanisha kile kinachompinda mtu, na kwamba ugonjwa huo ulitambuliwa kwa mara ya kwanza kwenye mlipuko wa 1952 katika uwanda wa Makonde, kusini mwa nchi yetu. Elimu hiyo hiyo ndiyo iliyotumika Kagera. Virusi vya Marburg vilipotangazwa Machi 2023, wataalamu walimtafuta kila aliyewagusa wagonjwa, wakamfuatilia siku hadi siku. Wagonjwa walikuwa tisa, sita kati yao wakafariki, na tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kwisha. Tuliwazika sita. Hatukuzika maelfu. Tofauti hiyo ni kazi ya watu ambao majina yao hamtayasikia kamwe.

La pili ni takwimu. Hapa ndipo wengi mnakimbia, nami nawaomba msikimbie. Nitarudi kwenye jambo hili.

La tatu ni afya ya mazingira: maji, hewa, chakula, makazi. Msidhani ni tatizo la nchi maskini. Hapa hapa Washington, mwaka 2000 walibadilisha dawa ya kusafishia maji kutoka klorini kwenda kloramini. Dawa mpya ikaanza kuchubua mabomba ya zamani, na risasi ikaingia kwenye maji ya kunywa ya watoto. Wananchi walikuja kulijua jambo hilo kwa upana mwaka 2004. Mji mkuu wa taifa tajiri, vichungi vikagawiwa watu kama msaada wa maafa!

La nne ni sera na tabia za watu: namna ya kuufanya uamuzi mzuri uwafikie wanaouhitaji. Kina mama mliokuwa wajawazito nyumbani baada ya 2004 mnaikumbuka Hati Punguzo. Ulipewa kliniki, ukaenda nayo dukani, ukanunua chandarua kwa bei nafuu. Aliyebuni mpango ule hakuwa na sindano mkononi. Na mliojifungulia hapa, mnakumbuka nesi alimchoma mtoto kisiginoni akachukua tone la damu? Miongoni mwa vinavyopimwa ni selimundu. Kila jimbo la Marekani linawapima watoto wote wanaozaliwa, bila kungoja mama ajue kuomba. Hiyo ndiyo afya ya jamii.

Tuje kwenye swali la wazazi: kazi iko wapi?

Iko katika idara za afya za kaunti na za jiji. Kule nyumbani tulikuwa na Bwana Afya anayekagua mabucha na migahawa. Maryland naye yupo, ana leseni ya jimbo na marupurupu ya serikali. Iko hospitalini na kwenye kliniki, katika elimu ya afya. Mzee wetu mwenye kisukari anapewa karatasi yenye picha za mkate na tambi, anaambiwa apunguze. Anaitikia kwa adabu, anarudi nyumbani anakula ugali wake, maana karatasi haikuutaja. Anayejua ugali na anayejua kisukari akiwa ni mtu mmoja, mzee yule atapona mguu wake. Kiswahili chenu, hicho mnachojibia kwa Kiingereza tukiwasemesha, hapo kinakuwa sehemu ya sifa zenu za kazi.

Kazi iko kwenye utafiti. Taasisi za Taifa za Afya, NIH, ziko Bethesda, na zina nafasi za mafunzo kwa waliomaliza shahada ya kwanza. Kituo cha Taifa cha Takwimu za Afya kiko Hyattsville. Mamlaka ya Chakula na Dawa iko Silver Spring. Ofisi ya Shirika la Afya kwa nchi za Amerika na Benki ya Dunia ziko D.C. Watu wanavuka bahari kuja kusomea karibu na ofisi hizi, na ninyi mnapita mbele yake kwa basi.

Na aliyesoma afya ya jamii hajafungiwa udaktari. Akichukua pia biolojia, kemia na fizikia zinazotakiwa, na akafaulu mtihani wa MCAT, anaingia kama wengine. Wapo wanaokwenda uuguzi kwa programu za muda mfupi za wenye shahada, wapo wanaokwenda sheria.

Lakini sikuja hapa kuuza kitu, kwa hiyo sikilizeni na upande wa pili. Shahada ya kwanza ya afya ya jamii peke yake si kama shahada ya uuguzi. Nesi anamaliza, anafanya mtihani wa leseni, anaajiriwa, na mara nyingi anaanza na mshahara mkubwa kuliko wewe. Nafasi nyingi nzuri za afya ya jamii zinataka shahada ya pili. Basi usiingie kwa sababu kemia imekushinda na umesikia huku ni rahisi. Ingia ukiwa na mpango. Hapo ndipo zinaporudi takwimu: mhitimu anayejua kuchambua data kwa kompyuta hupata mlango ambao mwenzake hupigia hodi mwaka mzima. Na fildi uianze mwaka wa pili, usingoje wa mwisho.

Kuhusu fedha. Si lazima kuanza na chuo cha bei kubwa. Mtoto anaweza kuanza Montgomery College au Prince George's Community College, akaishi nyumbani, kisha akahamia University of Maryland. Shahada yake ya sayansi ya afya ya jamii inafundishwa College Park na pia Shady Grove, pale Rockville. Upande wa Virginia kuna George Mason, na D.C. kuna George Washington. Baltimore kuna Morgan State, na kuna Johns Hopkins yenye shule ya afya ya jamii tangu 1916. Wakazi wa D.C. waulizeni habari za DCTAG, inayosaidia kufidia tofauti ya ada za vyuo vya umma vya majimbo mengine. Kabla ya kusaini mkopo wowote, ulizeni kama programu imeidhinishwa na CEPH, baraza linalokagua masomo haya. Ofisi yake iko Silver Spring.

Na karatasi. Kazi nyingi za serikali kuu zinataka uraia, na nafasi zile za NIH kwa wahitimu zinataka uraia au ukaazi wa kudumu. Aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi azungumze mapema na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, kwa sababu muda wa kufanya kazi baada ya kuhitimu unategemea jinsi somo lako lilivyoandikishwa. Epidemiolojia na takwimu za afya huhesabiwa tofauti na afya ya jamii kwa jumla. Msiache jambo hili hadi mwezi wa mwisho.

Ndugu zangu, tunasherehekea tukiwa bado na msiba. Agosti 2024 Dk. Faustine Ndugulile, Mbunge wa Kigamboni, alichaguliwa kuongoza Shirika la Afya Duniani, Kanda ya Afrika. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kuchaguliwa kwa nafasi hiyo. Tarehe 27 Novemba alifariki India alikokuwa akitibiwa, kabla hajakalia kiti. Mungu amrehemu. Nawaomba mlitazame jambo moja katika maisha yake: alikuwa tayari ni daktari alipokwenda kusomea shahada ya pili ya afya ya jamii. Daktari mzima aliona kwamba kutibu mmoja mmoja hakutoshi. Basi mtoto wako akikwambia maneno hayo hayo akiwa na miaka ishirini, usimwite aliyeshindwa.

Ombi langu kwa wazazi ni dogo. Usiku huu mkiwa garini kurudi nyumbani, msimuulize mtoto, "Utakuwa daktari lini?" Muulizeni, "Unasoma nini hasa, na unakipenda?" Kisha mnyamaze, mumsikilize mpaka mwisho. Nanyi vijana, jibuni ukweli, hata kama alama za kemia zinauma kuzitaja. Na mjibu kwa Kiswahili, hata kama ni cha kuchechemea.

Adui wa pili bado yupo, hapa na nyumbani. Waliomkabili 1973 walikuwa na redio na majembe. Ninyi mna vyuo vyote hivi ndani ya mwendo wa saa moja. Wenye maswali nitakuwa pale meza ya kona, baada ya pilau.

Heri ya Uhuru.