Sera Haimezwi: Dawa za Wazee Ziwe Haki ya Kisheria

 

Sera ya Afya ya 2007 inasema mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure. Ukutani kumebandikwa tangazo: mpishe mzee kwanza. Sawa, tunampisha. Anafika dirishani anaambiwa dawa hakuna, kanunue nje. Sasa tulimpisha aende wapi?

Bibi yangu anaishi Mgeta, huko juu Uluguru. Ana presha na sukari. Dawa hizo hazina likizo, ni kila siku. Zikikosekana zahanati, anateremka Morogoro mjini: nauli ya kwenda, ya kurudi, halafu hela ya dawa. Mboga zikikosa bei, anameza nusu kidonge ili zifike mwisho wa mwezi. Nusu kidonge jamani!

Nasoma sheria, niwaonyeshe tatizo lilipo. Ibara ya 11 ya Katiba inataja haki ya ustawi wa jamii wakati wa uzee na maradhi. Lakini Ibara ya 7(2) inasema masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi kwa nguvu ya mahakama. Na sera nayo si sheria. Yaani bibi ana ahadi mbili, pa kudai hana.

Ndiyo maana lazima tuibane Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Imeweka mfuko wa wasio na uwezo, na vyanzo vyake ni pamoja na ushuru wa soda na vileo, na kodi ya michezo ya kubahatisha. Ile mikeka yenu ya Jumamosi imo humo! Basi tuulize hela yetu.

Tunadai mawili. Moja, umri utoshe: mwenye miaka 60 asiende kuthibitisha umaskini wake kwa mtendaji. Pili, dawa ikikosekana zahanati, duka la dawa la jirani limpe, mfuko ulipe.

Watasema ni ghali. Kiharusi na kusafisha figo ni ghali zaidi kuliko vidonge.

Kazi yetu ianzie kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Nyoosha mkono, uliza: dawa za presha zimekosekana siku ngapi? Hakikisha jibu limeandikwa kwenye muhtasari. Muhtasari ni ushahidi, kelele zinapita.