Simu ya Kijana na Pesa za Unga

Leo tunazungumza juu ya kubeti kwa simu. Utauliza, hilo lina uhusiano gani na afya? Pesa zikiishia kwenye simu, sufuria hubaki tupu, na mtoto mdogo ndiye huumia kwanza.

Huenda umemwona kijana wako yuko macho saa nane usiku, ameinamia simu. Pengine anafuata mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani. Kwao ni jioni, kwetu ni usiku wa manane. Kila mwezi wa Machi timu nyingi za vyuo huanza kutafuta bingwa, na kwa siku moja mechi huwa nyingi.

Zile nambari anazotazama huitwa odi. Odi ya 1.90 maana yake ni hii: ukiweka shilingi 100 na timu yako ishinde, unapokea shilingi 190. Mia moja ni yako mwenyewe, faida ni 90. Timu ikishindwa, mia yote imekwenda. Odi ndogo ni ya timu inayotarajiwa kushinda. Odi kubwa ni ya timu inayodhaniwa itashindwa.

Sasa sikiliza kwa makini. Timu mbili zina nguvu sawa, kila moja ina odi ya 1.90. Mtu mmoja anaweka 100 kwa timu hii, jirani yake anaweka 100 kwa ile. Kampuni imepokea 200. Timu yoyote ikishinda, kampuni inalipa 190. Shilingi 10 zinabaki kwake. Anayebahatisha ni kijana wako, si kampuni.

Vijana wengi huunganisha mechi kadhaa katika mkeka mmoja. Mechi tano za odi hiyo huahidi karibu shilingi 2,476 kwa mia moja. Lakini ni lazima zote tano zitokee, na nafasi yake ni moja kati ya 32. Malipo ya haki yangekuwa 3,200. Mechi zikiongezeka, sehemu ya kampuni nayo huongezeka.

Wala hakuna timu ya uhakika. Mwezi wa Machi 2018, Virginia, iliyopangwa ya kwanza kati ya timu zote, ilifungwa na UMBC alama 74 kwa 54.

Mama, angalia dalili hizi: halali vizuri, anakopa kwa siri, anauza vitu vya nyumbani, anakasirika upesi, anabeti tena ili arudishe alichopoteza. Shirika la Afya Duniani linahesabu hali ya kushindwa kuacha kamari kuwa ugonjwa. Si laana, wala si ujinga.

Ufanye nini?

Kwanza, usimtukane. Kaa naye akiwa ametulia. Okoteni vijiwe 32, wekeni alama kwenye kimoja, kisha achague akiwa amefumba macho. Ataiona hesabu kwa mkono wake.

Pili, ukipata pesa za mbuzi au za msaada, nunua unga, maharagwe na mafuta siku hiyo hiyo. Namba yako ya siri ya simu usimpe mtu.

Tatu, aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi na sheria ya Kenya kubeti. Usimsajilie laini kwa jina lako ili abeti.

Nne, akishindwa kuacha, mwone mhudumu wa afya wa kijiji au nenda naye kituo cha afya. Akisema amechoka kuishi, usimwache peke yake hata kidogo. Tafuta msaada siku hiyo hiyo.

Mama, mlezi, zungumza naye leo, kabla mkeka mwingine haujachukua chakula cha watoto.