Dakika Kumi na Mbili za Sindimba



Mwezi uliopita nilikuwa Chiwata, kule chini ya uwanda wa Wamakonde, kwa ajili ya msiba wa jamaa yetu. Matanga yalipokwisha nikakaa barazani na mpwa wangu, binti wa dada yangu. Akanisogezea simu yake, akasema, "Mjomba, hebu tazama hawa."

Nikaona wasichana wa Kijapani, wamevaa mithili ya sare za shule, wanaimba na kucheza pamoja bila mmoja kukosea hatua. Lakini hao hawakunishangaza sana. Walionishangaza ni watazamaji. Ukumbi ulikuwa Paris, na waliojaa ndani walikuwa Wafaransa na watu wa mataifa mengine. Kila wimbo ulipofika mahali pake, ukumbi mzima uliitikia, tena kwa Kijapani, bila kuchelewa wala kuwahi.

Mpwa wangu ni mjuzi wa mambo haya kuliko mimi, akanieleza. Wajapani huwaita wasanii wa namna hii aidoru, neno walilolitoa kwenye Kiingereza. Kipo kikundi kiitwacho AKB48, kilichoanza mwaka 2005 katika ukumbi mdogo wa watu 250 hivi, mtaa wa Akihabara, mjini Tokyo. Shabara yao ilikuwa kwamba msanii asiwe mtu wa kwenye televisheni tu, bali mtu unayeweza kwenda kumwona. Ulikuwa ukinunua santuri, ndani yake mlikuwa na tiketi ya kumshika mkono msichana umpendaye kwa sekunde chache. (Biashara hiyo! Mtu alikuwa akinunua santuri kumi za wimbo ule ule ili apate mikono kumi.) Mwaka 2009 walikwenda kuimba Paris, na mwaka huo huo wenzao wa Morning Musume walikwenda Los Angeles. Hawakuona haja ya kugeuza nyimbo zao ziwe za Kiingereza. Mashabiki wa huko walikuwa wamekwisha jifunza viitikio majumbani. Halafu mwaka 2011 AKB48 wakaanzishiwa ndugu zao Jakarta, JKT48, wasichana wa Kiindonesia wanaoimba nyimbo zile zile kwa lugha yao.

Si kila jambo lao ni la kuiga. Mwaka 2013 msichana mmoja wa AKB48 alijinyoa nywele zote akaomba radhi mbele ya kamera, huku analia, kwa kuwa jarida lilikuwa limeandika kwamba alilala kwa kijana. Mpwa wangu alinionyesha na hilo. Akasema, "Hapa wamezidi." Nami nikakubali.

Lakini ule ukumbi wa Paris haukuniacha. Nikamsimulia jambo ambalo sijapata kulisema redioni.

Katika miaka ya 1980 nilikuwa kijana, kazi yangu ya utamaduni, huku huku kusini. Siku moja nikaambiwa nilete kikundi cha sindimba kiwachezee wageni kutoka ng'ambo. Nikawakusanya watu, wakaja na ngoma zao zote na bibi mmoja mzee aliyekuwa akianzisha nyimbo. Tulipofika nikaambiwa: dakika kumi na mbili, zisizidi. Sasa, anayezijua ngoma za Kimakonde anajua kwamba zile ndogo, vinganga, huwezi kuzitoa begani ukazipiga. Sharti uwashe moto, uzipashe mpaka ngozi ikaze, mpigaji ajaribu, arudishe tena motoni. Huo peke yake ni muda. Nami ndiye niliyeshika saa. Nikasema moto uachwe. Nyimbo za mwanzo, ambazo akina mama huitana na kuitikiana, nikazikata. Kikabaki kiuno.

Wageni walipiga makofi, wakapiga na picha. Wachezaji wakapewa soda na kurudishwa kwa lori. Njiani yule bibi aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, wale mbona hawakuitikia?" Nikamjibu kwamba hawajui lugha yetu. Akanyamaza. Kwa miaka mingi nililiona jibu langu kuwa zuri, mpaka nilipoonyeshwa Paris kwenye kiganja cha mkono.

Na si mimi niliyeanza. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alizunguka Masasi na Newala akiwa na mashine ya kunasa sauti na kamera ya sinema, akachukua nyimbo na michezo ya watu wetu akaenda nayo Ujerumani. Baada ya uhuru sindimba ikaingia katika ngoma za taifa, ikachezwa shuleni nchi nzima na watoto ambao hawajawahi kuliona jando wala unyago wa Kimakonde. Ilisafiri kweli, lakini ilisafiri bila akina mama wa kuianzisha. Tofauti na marehemu mzee Hukwe Zawose wa Dodoma, aliyefariki mwaka 2003. Yeye alikwenda Japani na zeze lake na ilimba yake, akawaimbia Wajapani Kigogo, nao wakarekodi santuri zake jinsi alivyo.

Kumbe mpwa wangu hakunionyesha simu bure. Yeye na wenzake wana kikundi, na wamealikwa pwani kuwachezea watalii. Wamepewa dakika kumi na tano. Alitaka kujua waanzie wapi. Nikamwambia waombe nusu saa, na dakika tano za kwanza wawafundishe wageni kuitikia, hata kama ni neno moja. Akacheka, akasema wao wenyewe viitikio vya zamani hawavijui vyote.

Yule bibi alikwisha fariki. Yuko mdogo wake, Newala, naye nyimbo anazo. Nauli nimetoa mimi, na Jumamosi vijana wanapanda huko na simu yao ya kurekodia. Bibi ametuma salamu kwamba waje na kuni, maana hataanzisha wimbo wowote kabla vinganga havijapashwa moto.